Unataka Vinasaba vya Dubu? Anza na Bahasha

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea wanyamapori Morogoro kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Na mimi nataka kufanya vinasaba vya dubu huko Marekani. Nijifunze programu gani ya kompyuta?"

Marahaba. Jifunze bahasha.

Huku Montana tunazungushia miti seng'enge, kama nusu mita kutoka chini, katikati tunamwaga damu ya ng'ombe iliyooza na maji ya samaki. (Uvundo wake hautoki nguoni, usijisumbue kufua.) Dubu anafuata harufu, anapenya kwenye waya, hakuti chakula, anajiondokea. Manyoya yanabaki kwenye miiba.

Unachokitafuta ni mzizi, kile kidoti cheupe mwisho wa unyoya, maana vinasaba vimo humo. Kila mwiba na bahasha yake, maana huu unaweza kuwa wa mama na ule wa mwanawe. Bahasha iwe ya karatasi. Kwenye plastiki unyevu unakaa na vinasaba vinaharibika. Ukimaliza, choma mwiba kwa moto, dubu wa leo asije akachanganyika na wa wiki ijayo.

Ndivyo mtafiti Kate Kendall na wenzake walivyowahesabu dubu aina ya grizzly wa kaskazini-magharibi mwa Montana mwaka 2004. Vinasaba viliwatambua dubu 563, wakakadiria wote kuwa 765, bila kumpiga hata mmoja sindano ya usingizi.

Kambini kwetu mimi niliitwa "mtu wa bahasha". Ripoti ilipotoka, waliokaa na takwimu wametajwa majina, sisi tumeandikwa "wasaidizi". Inaniuma mpaka leo, sifichi. Lakini majibu ya maabara yaliporudi, bahasha zangu zilisomeka. Za wale waliokuwa wakinicheka, nyingi zilikuwa manyoya yasiyo na mizizi.

Vijana, mnakimbilia kompyuta mno! Mzizi ukishaoza, hakuna programu itakayoufufua. Andika tarehe na namba ya mwiba kabla hujagusa unyoya. Karatasi, si plastiki. Heshimuni kazi ya mikono.

Morogoro dubu hakuna, najua. Ila ng'ombe wanajikuna kwenye seng'enge kila siku. Nenda na kibanio, toa unyoya mmoja mmoja, tenga wenye mzizi na usio nao mpaka jicho lizoee. Halafu niandikie tena, hiyo programu tutaizungumza.