Jibu: Hiyo krimu ya "siku mbili" iweke chini kwanza, dada

Iweke chini hiyo tyubu. Salamu za Chumbageni baadaye. Umeandika uso unawaka jua likipanda, umeambiwa ni rosasea, ule ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni, muuza dawa kakupa krimu iliyokausha vipele kwa siku mbili, na unauliza kama rosasea ina undugu na magonjwa ya kinga ya mwili, yale ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, na chakula gani uache. Mimi nilipofika kwenye "siku mbili" moyo ulishuka.

Na mimi nilikuwa na uso huo huo. Kwetu sisi weusi, wekundu wa ngozi hauonekani sawasawa, kwa hiyo kila mtu aliniambia chunusi. Kijana mmoja wa duka la dawa Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi, akanipa klobetasoli, krimu ya steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe. Hakutamka neno steroidi. Alichosema ni "hii ndiyo wanayopaka maharusi." Haya, bi harusi nikapaka. Siku ya tatu uso laini, majirani wananiuliza siri.

Miezi saba! Nikiacha siku mbili, uso unarudi na hasira zake: vipele vidogo kuzunguka mdomo na pua, ngozi imekonda mpaka vimishipa vinaonekana mashavuni, nikiinamia jiko la mkaa natamani kulia. Dawa yangu ikawa ni kupaka tena, mara mbili, mara tatu. Wageni wa Tanga waja leo waondoka leo. Huyu wangu alikuja na kitanda chake. Mama mkwe alidhani najichubua kwa mkorogo, nikamwacha aamini, maana kueleza kulinichosha.

Mwisho nikapanda basi hadi Moshi, hospitali ya KCMC, wanakofundisha madaktari wa ngozi. Daktari akauliza tu, "Unapaka nini?" Nikaitoa tyubu mkobani. Akaishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyechina. Akanieleza: steroidi inabana mishipa ya damu, ndiyo maana uso unatulia, ukiiacha mishipa inafunguka kwa kishindo, nawe unadhani ugonjwa umezidi. Akanipunguzia taratibu, akanipa jeli ya metronidazoli na vidonge vya doksisaiklini. Wiki za kwanza nilitembea na mtandio mpaka puani, hata sokoni sikwenda. Yule kijana bado yupo dukani, ananisalimia kwa bashasha. Nami naitikia, nifanyeje.

Kuhusu kinga ya mwili: utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 uliona kisukari aina ya kwanza, baridi yabisi na ugonjwa wa siliaki (utumbo kuikataa ngano) vinakutwa zaidi kwa wenye rosasea, hasa wanawake. Kukutwa pamoja si kusababishana. Mimi nilikimbilia kupima lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, kwa hofu, na tyubu ileile mkobani! Viungo vikivimba au macho yakiwasha kama yameingia mchanga, mwambie daktari. Lakini krimu kwanza, ya chakula baadaye.

Wewe umepaka wiki mbili tu, miguu bado inagusa mchanga. Steroidi usoni hapana, labda aandike daktari wa ngozi mwenyewe na akupe tarehe ya kuacha. Geuza boksi sasa hivi usome maandishi madogo. Ukiona jina linaloishia "sone", au lenye "betasol" ndani yake, piga picha uiweke hapa. Nipo macho mpaka saa sita.