Jibu: Kuimarisha otomatiki au kufunga manuali kwenye Toyota Mark II
Ndugu, umeuliza kama uiimarishe giaboksi ya otomatiki ya Mark II yako yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE au ufunge ya manuali. Kwa kuwa uko Moshi na unapanda Marangu kila wiki, mimi ningeanza na otomatiki: kinachoiua ni joto, ambalo huzidi pale toki konveta (kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi) inapoteleza mlimani, hivyo rejeta ya kando ya kupozea oili ya giaboksi na klachi za ndani zilizo imara zaidi huirefushia sana maisha. Giaboksi ya manuali ya Toyota iitwayo R154 ni madhubuti, na raha yake naijua. Lakini utahitaji pedali, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), propela shafti inayolingana, na kontroli boksi (kompyuta ya gari) iliyorekebishwa. Kwanza mwombe fundi apime presha ya oili ya giaboksi, kwani ikiwa imeshuka, rejeta pekee haitasaidia.