Mwalimu wa Mazoezi Anajibu: Nipunguze mwendo mapigo yakizidi 118?

SWALI: Habari mwalimu. Nina miaka 52, natembea kwenye mashine nusu saa, mara nne kwa wiki. Mashine ina mchoro wa rangi unaosema kwamba kwa umri wangu mafuta huchomwa mapigo ya moyo yakiwa kati ya 101 na 118 kwa dakika. Yakigusa 120 tu, napunguza mwendo. Mwanangu ananicheka, anasema najichelewesha bure. Kati yetu nani mkweli? Natumia dawa ya presha pia.
Mama wa Watatu

JIBU: Mwanao, mama. Pole.

Mchoro wenyewe si mwongo, ila umesema nusu ya habari. Mwili hutumia mafuta na wanga kwa pamoja. Ukienda taratibu, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta. Ukikaza mwendo, wanga hushika usukani kwa sababu hutoa nishati upesi. Kwa hiyo asilimia ya mafuta hushuka. Lakini asilimia ya ngapi? Tuseme, kwa mfano tu, nusu saa ya taratibu imekula kalori 150, asilimia 60 zikiwa za mafuta: hizo ni 90. Ukaze mwendo, nusu saa ileile ikala kalori 250, mafuta asilimia 45: zinapita 112. Ni kweli ukikimbia hadi pumzi ikatike mafuta hupungua sana, lakini wewe hujafika huko, na uzito haupimwi kwa nusu saa hiyo. Unategemea ulichokula na ulichotumia siku nzima, wiki nzima.

Hiyo 118 nayo imetoka wapi? Wamechukua 220, wakatoa umri wako, wakapata 168, kisha asilimia 70 yake. Kanuni nyingine, ya 208 kutoa umri mara 0.7, inakupa karibu 172. Zote ni wastani; watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10 au zaidi. Kukimbizana na mapigo mawili ni kujitesa.

Kilichonishtua mimi ni hiyo dawa, uliyoitaja mwishoni kama salamu. Soma pakiti. Jina likiishia na "lol", kama atenolol au bisoprolol, dawa hiyo huzuia moyo usipige haraka, na mchoro wa mashine haukuhusu kabisa. Unaweza kuwa unahema vibaya huku namba inasoma 105. Usiiache dawa, muulize daktari wako kiwango kinachokufaa kabla hujaongeza kasi. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, simama na utafute matibabu mara moja.

Daktari akiridhia, jipime kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, mwendo ni mzuri. Siku moja au mbili za wiki, mwili ukishapata joto, ongeza kasi au inua mteremko wa mashine kwa dakika moja, rudi taratibu mpaka pumzi itulie, kisha rudia.

Na tafadhali uachie vile vyuma vya pembeni. Wengi huinua mteremko halafu wananing'inia kwa mikono, miguu haina kazi. Kama huwezi kuviachia bila kuyumba, shusha kasi kwanza.