Siku ya Viporo: Tunavyopumzika Malindi Krismasi Ikishapita

Asubuhi ya tarehe 26 Disemba, kwetu Malindi, mamangu haruhusiwi kushika mwiko. Hata kuuliza kama maji ya chai yamechemka haruhusiwi. Anaketi upenuni juu ya jamvi, leso yake mpya kiunoni, miguu ameinyoosha, na mbele yake sinia la maembe: ngowe, boribo, na yale ya kienyeji yenye nyuzi zinazokaa kwenye meno mpaka jioni. Aliye uani ni babangu. Suruali ameikunja hadi magotini, anaisugua sufuria ya pilau kwa kumbi la nazi na majivu.

Mume wangu ni mtu wa bara. Mwaka wa kwanza kuja kwetu aliona haya. Mzee anaosha vyombo na yeye kijana amekaa kitini anapewa chai? Akainuka amsaidie. Babangu akamtazama, akasema, "Mwanangu, hii haina msaidizi. Rudi ukae." Sasa ni mwaka wa tisa na sufuria bado hajapewa. Amepandishwa cheo mpaka kwenye vikombe.

Wenzangu kazini huniuliza mbona mimi narudi Januari nimenawiri, na wao wanarudi hoi kuliko walivyoondoka. Mimi huwauliza swali moja tu: tarehe 26 nani alipika? Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema, "Mama." Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mtu amesimama jikoni siku mbili mfululizo, amekaanga, amesonga, amekuna nazi mpaka vidole vinawaka, halafu siku ya tatu watu wanaamka wanauliza chai iko wapi. Siku hiyo isipopangwa tangu tarehe 24, kuna mtu mmoja nyumbani ambaye hatapumzika, na sote twamjua.

Nisijifanye kwamba sisi tulizaliwa na hekima hiyo. Zamani tarehe 26 tulikuwa watu wa ufuoni. Ukoo mzima, na sufuria, na hotipoti, na jamvi, mpaka kwenye mchanga. Mama alikuwa akiamka alfajiri kupika tena, kana kwamba jana hakupika. Mwaka 2004 siku hiyo iliangukia Jumapili, nami nilikuwa na miaka 11. Tumetoka kanisani, vyakula vimefungwa, babangu akaja na baiskeli kwa kasi ambayo sijaiona tena: watu wanafukuzwa ufuoni, bahari haieleweki. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa zetu, tetemeko la kipimo cha 9.1 lilikuwa limepiga chini ya bahari karibu na Sumatra huko Indonesia, na mawimbi yake yakaivuka Bahari ya Hindi yote hadi yakatufikia mchana. Katika nchi zote walikufa zaidi ya watu 220,000. Kwa jirani zetu Somalia walikufa karibu 300. Kenya, kwa kuwa onyo lilitangulia na watu wakaondolewa, alikufa mmoja.

Babangu alifunga mlango wa ua akasema leo hatoki mtu. Mama alikuwa ameshajifunga leso ya kutokea. Akaketi juu ya lile jamvi la ufuoni, lililokuwa bado limekunjwa, akaegemea ukuta, akalala. Alilala mpaka alasiri. Sisi watoto tulikuwa hatujawahi kumwona mama amelala mchana. Tulikuwa tukimpitia kwa vidole vya miguu, tukidhani anaumwa. Babangu alimtazama kwa muda, akaichukua sufuria akaenda nayo uani. Hakueleza chochote, na mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo.

Sasa tuje jikoni, kwa sababu siku isiyo na mpishi inataka akili zaidi ya siku yenye mpishi. Sheria yetu ni hii: kupasha ruhusa, kupika marufuku. Kwa hiyo cha tarehe 26 kinapikwa tarehe 25, na lazima ujue kipi kinalala na kipi hakilali.

Chakula cha nazi hakilali. Kwa joto letu la Disemba, kuku wa nazi ukimwacha kwenye sufuria usiku kucha, asubuhi amechacha, na ukimpasha harufu inajificha lakini ubaya haujifichi. Najua kwa sababu mwaka mmoja stima ilipotea usiku wa Krismasi, friji ikalala moto, na mimi kwa ubahili nikasema kuku huyu hatupwi. Tuliumwa watu sita. Babangu, ambaye hakumgusa kwa sababu hakupenda rangi yake, alitutembelea kitanda hadi kitanda na glasi za maji ya chumvi na sukari, hasemi neno. Tangu siku hiyo, chochote chenye tui kinaliwa siku hiyo hiyo, na kinachobaki kinapelekwa kwa jirani kikiwa bado moto.

Pilau ndiyo mfalme wa viporo. Haina tui, viungo vimeingia, na kesho yake ni tamu kuliko jana. Lakini wali wowote usiuache kwenye sufuria mpaka asubuhi ukitegemea moto wa kesho. Kuna vijidudu vya mchele vinavyovumilia kuchemshwa, vikakaa kwenye wali vuguvugu vikazaana, na sumu vinayoiacha haiondoki kwa kupasha. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uutie kwenye vyombo vifupi, uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Asubuhi toa kiasi cha mlo mmoja, nyunyizia maji kidogo, funika, upashe mpaka utoke mvuke. Usipashe mara mbili. Kama huna friji, basi pika pilau ya kumalizika, na kiporo chako kiwe vitu vikavu.

Mbaazi zina ujanja wake, na huu nimefunzwa na shangazi yangu wa Ganda. Zichemshe tarehe 25 kwa maji na chumvi tu, uzihifadhi. Tui liandae asubuhi ya 26, uzitilie, zichemke kidogo, basi. Mahamri yalishakaangwa jana yake. Yakikauka, yaweke juu ya mvuke wa zile mbaazi dakika chache yatakuwa laini tena. Hiyo kwetu tumekubaliana kuiita kupasha. Kachumbari katakata papo hapo, mtoto wa darasa la nne anaweza.

Ukiniuliza ni kipi hasa kinachonirudisha nyumbani kila mwaka, si pilau. Ni sahani.

Mtaa wetu ni wa mchanganyiko, kama mitaa mingi ya Malindi. Mbuzi wetu wa Krismasi huchinjwa na jirani yetu wa upande wa kisima, Mwislamu, ili atakayepelekewa nyama aile bila wasiwasi. Wazee walizoea hivyo na sisi tumefuata. Tarehe 25 adhuhuri watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kawa, nyumba hii na ile. Na sahani kwetu hairudi tupu. Hakuna aliyeandika popote, lakini mrudishe mtu sahani yake imeoshwa ikang'aa na haina kitu, uone atakavyoitazama. Kwa hiyo tarehe 26 mchana kutwa ni hodi, hodi. Hii inarudi na kaimati, hii na visheti, hii na viazi vya karai na ukwaju, hii na achari ya embe ambayo mtengenezaji anakutazama unapoionja. Unaona sasa kwa nini hatuhitaji kupika.

Wengine huniambia siku hii ni mabaki ya Waingereza. Kweli, jina la Boxing Day ni lao. Boksi lenyewe lilikuwa zawadi ya Krismasi iliyotolewa kwa watumishi na mafundi, na mtumishi aliyewahudumia mabwana siku ya Krismasi alipewa ruhusa kesho yake aende kwao. Babangu alikuwa mtunza bustani kwa familia ya Waitaliano. Waitaliano Malindi si wageni wa jana. Wengine walianza kuja miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipojenga kituo cha kurushia roketi pale Ngomeni. Wao tarehe 26 ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, na babangu alikuwa akirudi siku hiyo na panettone, ile keki yao ndefu, ndani ya boksi lake la kadibodi. Keki tuliimaliza kabla jua kutua. Boksi mama alilitia nyuzi na sindano, na mpaka leo lipo juu ya kabati. Siku nikisikia neno Boksing, mimi naliona boksi lile, na rangi yake ya samawati iliyopauka.

Kuhusu bahari nisikuchoshe. Ukitaka kwenda, nenda saa kumi na mbili asubuhi. Jua letu linatoka baharini, na wakati huo ufuo ni wa wavuvi na kunguru peke yao. Kuanzia saa nne ni umati, na watu wasiojua kuogelea wanaingia maji ya kifua kwa sababu wenzao wamo. Uliza maji yanapwa saa ngapi, usikariri saa za jana, kwa sababu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Na wageni wasikasirike kukuta maji ya mjini ni rangi ya chai. Kaskazi ikivuma, mkondo unayasukuma matope ya mto Sabaki kuja upande wetu. Anayetaka maji ya kioo achukue matatu hadi Watamu.

Hoteli? Tulijaribu mara moja. Mimi na ndugu zangu tulichanga, tukamwambia mama mwaka huu hata kupashiwa usipashiwe, unapelekwa. Tulisimama kwenye foleni ya chakula dakika arobaini, mama kashika sahani kama mwanafunzi wa bweni. Biriani yenyewe ilikuwa ya njano tu. Bili ilipokuja ilikuwa na vitu ambavyo hatukuviagiza, tukabishana, tukalipa. Babangu alikuwa amekula robo. Kwenye tuktuk akauliza, kwa upole sana, kama kuna pilau iliyobaki nyumbani.

Mchana wetu ni bao. La babangu ni la mbambakofi, zito kama mtoto wa miaka mitatu, mashimo 32, kete 64 za komwe zilizong'arishwa na vidole. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na 22 mkononi. Kuzitia hizo za mkononi ubaoni ndiko kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa zilizo ubaoni tu. Nakushauri ulitafute bao, au karata, au dhumna, mradi ni mchezo unaomruhusu mtu kukaa nusu saa bila kuulizwa mipango yake ya mwaka ujao. Maana hilo nalo ni adui wa mapumziko: shangazi na mjomba wakishashiba wanaanza, utajenga lini, utazaa lini tena. Mbele ya bao huulizwi. Ukiulizwa, unasema "subiri, natakata," yaani nasambaza kete bila kula, na watu wanaheshimu. Mume wangu hufungwa kabla hajamaliza kunamua, na aliyefungwa ndiye anayeosha vikombe. Nafikiri babangu ndivyo alivyopanga.

Wasichana huwa pembeni wanacheza mdako, mama amesinzia, kaskazi inapiga makuti. Ikifika alasiri hata mbwa wa jirani huchoka kubweka.

Kuna sahani moja ya bati, mdomo wake wa buluu, imechunika upande mmoja pakabaki alama kama ramani. Imekuwa ikienda na kurudi kati yetu na jirani wa kisima tangu nikiwa darasa la tatu. Huenda na pilau ya Krismasi, hurudi na vibibi vya mchele, huenda na maembe, hurudi na biriani ya Idi. Mwenyewe ni nani hakuna anayejua. Mama anasema ni yao, wao wanasema ni yetu.

Mwaka jana ilichelewa. Magharibi ikaadhiniwa, sahani zote zimesharudi ila hiyo. Mama akawa anatazama mlangoni huku anajifanya anafukuza mbu. Saa moja hivi tukasikia hodi. Ni mjukuu wa jirani, amevaa kanzu, ameishika kwa mikono miwili. "Hawe, shikamoo. Bibi amesema vibibi vilikataa kuiva upesi."

"Marahaba, baba. Ingia."

Mama akainua kawa, akanusa, akavihamishia kwenye sinia letu vyote. Akaifuta ile sahani kwa ncha ya leso. Mtoto akanyoosha mikono aipokee, lakini mama hakumpa. Akageuka kututazama sisi tuliokaa upenuni.

"Zile ngowe," akasema, "hamjazimaliza zote, au?"