Ajira ya fundi umeme aliye mwanachama

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako aliyeko Ohio ataachishwa kazi ovyo akijiunga na IBEW, chama cha mafundi umeme cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1891. Fundi wa majengo huajiriwa na mkandarasi kwa kipindi cha mradi, na jengo likikamilika anaweza kupunguzwa hata kama ni hodari; lakini anachokipoteza siku hiyo ni mkandarasi, si chama. Hurudi kwenye ofisi ya tawi lake, akaandika jina katika daftari la wanaosubiri kazi, na zamu yake ikifika hupelekwa kwa mwajiri mwingine, huku pensheni yake ikiendelea pale ilipoishia, kwa sababu wakandarasi waliosaini mkataba huchangia mfuko mmoja. Hilo nalithamini kuliko hata mshahara wenyewe.

Uchumi ukiyumba, kama ilivyotokea baada ya 2008, kusubiri huko huweza kufika miezi, kwa hiyo awe na akiba. Anaweza pia kujiandikisha katika tawi la mji mwingine, ingawa wenyeji hutangulizwa.

Uanagenzi, yaani kujifunza ufundi huku akifanya kazi, kwa kawaida ni miaka 5, naye hulipwa tangu anapoanza kazi. Kwa sasa vituo vya data (majengo ya kompyuta za kuhifadhi taarifa) vinavyojengwa kuzunguka Columbus, mji mkuu wa Ohio, vinahitaji mafundi wengi, basi asichelewe kuomba, na aanze leo kupitia aljebra yake ya sekondari, kwani mtihani wa kuingia una maswali ya hesabu na ya ufahamu wa kusoma.