Aunsi zilizoniharibia keki, na galoni inayokusumbua wewe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, galoni moja ni lita ngapi? Kila nikitafuta napata jibu jingine." Swali lake limenirudisha kwenye keki ya kwanza niliyowahi kulipwa kuipika. Nikiikumbuka, moyo bado unauma.

Mapishi yalikuwa ya Kimarekani, yakitaka unga aunsi 8. Nami nilikuwa na kikombe cha kupimia kilichoandikwa aunsi 8 ubavuni. Nikakijaza unga, nikausawazisha juu kwa kisu, nikajiona fundi kamili. Mchanganyiko ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nikajipa moyo kwamba moto utaukaza. Keki ikaumuka kidogo, ikabonyea katikati, ikatoka bapa kama sahani. Mteja aliitazama, hakugomba. Aliomba pesa yake tu. Ukimya ule ulinichoma kuliko matusi.

Nilikaa siku kadhaa ndipo nikaliona kosa. Aunsi ziko mbili: ya uzito, gramu 28.35, na ya ujazo, ambayo kwa Marekani ni mililita 29.57. Ukipima maji, tofauti huioni, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Unga ni mwepesi. Kikombe changu kilibeba gramu 120 hivi, na mapishi yalitaka 227. Nilitia karibu nusu!

Sasa galoni. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Wamarekani walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo ya Waingereza, inchi za ujazo 231. Waingereza wenyewe wakaiacha mwaka 1824 na kuweka kubwa zaidi. Painti, yaani sehemu ya nane ya galoni, nayo imefuata mkondo huo: mililita 473 Marekani, 568 Uingereza. Kwa hiyo majibu uliyoyapata yote ni ya kweli, mpendwa. Uliza kwanza galoni ni ya nani.

Kikombe cha Marekani ni mililita 237, kijiko cha chai 5, kijiko kikubwa 15. Lakini kitabu kikitoka Australia, kijiko kikubwa ni 20. Ndiyo maana nasema uliza ni cha nani!

Na wewe unayesema "galoni ni kama lita 4 tu", acha. Kwa galoni moja utapona. Kwa galoni 20 za Marekani utaandika lita 80 badala ya 75.7, na dawa au rangi unayochanganya haitakusamehe. Zidisha kwanza, kukadiria kuje mwisho. Tafadhali, nunua mizani. Usiseme ni ghali mpaka umehesabu ulivyokwisha kuvitupa. Na kabla ya yote, uliza: ni uzito au ujazo? Ni ya nani?

Jumapili iliyopita niliirudia keki ile, mapishi yale yale, unga gramu 227 juu ya mizani. Ilisimama. Nilimpelekea yule mteja, bila malipo.