Nililaumu Jino, Kumbe ni Tezi

Nilianza kwa kulilaumu jino. Maumivu yalipanda kutoka shingoni hadi sikio la kulia, nikajua gego limeoza. Daktari wa meno akaligonga, akalipiga picha, akasema jino zima kabisa. Nikahamia kooni: nikapewa antibayotiki za mafindofindo, nikamaliza, nikapewa nyingine. Homa ikawa inashuka na kupanda itakavyo. Kifungo cha juu cha shati sikukifunga tena, na kabla ya kumeza mate nilikuwa najiandaa kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

Aliyetegua kitendawili ni muuguzi. Aliniambia, "Nioneshe panapouma kwa kidole kimoja." Kidole hakikwenda kooni wala taya. Kilitua mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo.

Hapo ndipo ilipo tezi ya thairoidi, inayotoa homoni za kuendesha mwili: moyo upige haraka au taratibu, uhisi joto au baridi. Ikivimba na kuwaka kwa ndani, madaktari huita thairoiditisi. Hilo ni jina la ukoo mzima, si la mtu mmoja. Yangu ni ile inayouma, ambayo mara nyingi hufuata mafua au ugonjwa mwingine wa virusi baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimeugua mafua mwezi mmoja kabla, na sikuona haja ya kumtajia yeyote. Dada yangu ana ya Hashimoto, iliyopewa jina la daktari Mjapani aliyeieleza mwaka 1912: kinga ya mwili huigeuzia tezi silaha na kuila polepole, bila maumivu. Ipo ya wanawake waliojifungua ndani ya mwaka mmoja uliopita, ambao uchovu wao huambiwa ni malezi tu. Zipo zinazoletwa na dawa, kama amiodaroni ya moyo. Ya bakteria ni nadra, ila ukiona homa kali, ngozi ya shingo imekuwa nyekundu au pumzi inabana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye kosa lililokaribia kunigharimu. Kipimo cha kwanza kilionesha TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, iko chini sana na homoni za tezi yenyewe ziko juu. Kweli moyo ulikuwa unakimbia hata nikiwa nimelala, na kikombe cha chai kiligonga kisahani chake mkononi mwangu. Nikaandikiwa karbimazoli, dawa ya kuzuia tezi isitengeneze homoni. Lakini tezi yangu haikuwa inatengeneza kupita kiasi. Tezi ni ghala. Inapovimba, kuta hupasuka na akiba iliyomo humwagika kwenye damu. Kufunga bomba hakusaidii kitu wakati pipa ndilo linalovuja.

Daktari wa homoni aliyenipokea baadaye alianza kwa kuibonyeza shingo yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Akaagiza ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopanda mwili unapowaka, na vyangu vilikuwa juu mno. Akaongeza kipimo cha kingamwili zinazoishambulia tezi, na ultrasaundi. Pakiwa bado na shaka, kuna picha ya ayodini yenye mionzi: tezi iliyovimba hivi huichukua kidogo sana, ile inayozalisha kupita kiasi huivuta kwa wingi. Mjamzito hafanyiwi, na anayenyonyesha aseme mapema.

Karbimazoli ikasitishwa. Nikaanza na ibuprofeni, haikutosha, nikapewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe kwa nguvu zaidi. Usiku wa pili nililalia upande wa kulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. Nilipoona nafuu nikajiachisha mwenyewe, na maumivu yakarudi yote. Dozi ya prednisoloni hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na anayepanga ni daktari. Moyo ulitulizwa kwa propranololi. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa.

Baada ya miezi miwili mambo yakageuka. Ghala lilikuwa tupu. Nikawa navaa sweta wenzangu wakijipepea, choo kigumu, usingizi hauniishi. TSH sasa ilikuwa imepanda. Angekuwepo mtu wa kuamini karatasi ile ya kwanza peke yake, angekuwa bado anapigana na tezi iliyokwisha kuchoka. Kwa hiyo kila karatasi ya vipimo iandikie tarehe, zihifadhi zote, na uombe kurudia baada ya wiki 6 hadi 8.

Nilitumia levothairoksini, vidonge vya kujazia homoni ya tezi, kwa miezi michache tu. Dada yangu huenda akaitumia maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinywa kwa maji matupu kabla ya kula chochote, nusu saa hadi saa nzima, na kuacha pengo la saa 4 kabla ya vidonge vya madini ya chuma au kalisi. Alipopata mimba alipiga simu kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa dozi huhitaji kuongezwa mapema. Na kama unatumia vitamini ya biotini kwa ajili ya nywele au kucha, mwambie mtu wa maabara, huvuruga majibu.

Shati nalifunga hadi juu siku hizi. TSH bado naipima kila mwaka, maana kwa wachache wetu tezi haiamki tena kikamilifu.